Nilivyopata harufu ya tunda kutoka kwenye majani

Mbele yangu kuna kichupa cha manukato cha mililita 10 na siachi kukifungua na kukinusa. Kinanukia tunda lililochumwa sasa hivi, likiwa bado na kikonyo na utomvu wake, na ndani yake hakuna hata tone la harufu iliyoundwa maabara. Kazi hii imenichukua karibu mwaka na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kufuata maneno ya watu wasiojua wanachofundisha.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kuloweka matunda kwenye spiriti. Nililoweka stroberi kilo kwa kilo. Kilichotoka kilinukia jamu iliyochacha, na kwenye ngozi hakikudumu hata nusu saa. Ukiondoa maganda ya jamii ya machungwa na ndimu, matunda mengi ni maji na sukari, na hata ukiyakeneka huambulii mafuta ya kunukia. Nani alinieleza hilo mapema? Hakuna.

Ushauri wa pili ndio ulioniachia alama mwilini. Mtu mmoja aliyejitambulisha kama mjuzi aliniambia kuwa harufu ya tunda utaipata kwenye majani. Hapo alisema kweli. Kisha akaniambia nichume majani ya mtini, niyaloweke, nijipake. Majani ya mtini yananukia vizuri mno: ubichi, maziwa, na kitu kama nazi kwa mbali. Nilibadilisha majani mara tatu katika spiriti ileile mpaka ikawa kijani kibichi, nikachora mstari kwa kidole ndani ya mkono wa kushoto, saa sita mchana, nikatoka kuanika nguo. Jioni hakukuwa na kitu. Siku ya pili ngozi ikawaka, ikawa nyekundu, kisha malengelenge yakajipanga palepale nilipopitisha kidole, kama vile mtu amenichapa na waya wa moto. Yalipokauka yakaacha mstari mweusi uliokaa miezi.

Daktari alinielewa kabla sijamaliza kueleza. Majani ya mtini yana psoralini na bergapteni, na vitu hivyo vikiwa kwenye ngozi na jua likavipiga, ngozi inaungua. Ndiyo maana IFRA, shirika la kimataifa la manukato, linakataza kabisa absoluti, yaani dondoo nzito ya harufu, ya jani la mtini. Nasema hili kwa uchungu: kama unafundisha watu kujipaka kitu, soma kwanza kilichokatazwa. Kinasomeka bure.

Baada ya hapo niliacha kuloweka vitu jikoni nikaanza kununua absoluti zilizotengenezwa na watu wa kazi hiyo. Wao huyeyusha harufu ya mmea kwa heksani, kimiminika cha kuyeyushia, wakabaki na donge lenye nta nyingi. Donge hilo huoshwa kwa alkoholi, likapozwa ili nta ijitenge, likachujwa, na alkoholi ikavukizwa. Kinachobaki ni uji mzito, kwa majani mara nyingi kijani iliyoiva hadi kukaribia weusi. Ukidondokea shati jeupe, shati hilo limekwisha.

Niliyoitaka zaidi ni ya machipukizi ya blakikaranti, kichaka chenye vitunda vyeusi, yale yanayokatwa wakati wa baridi kabla hayajafunguka, na ambayo Ufaransa, hasa Burgundy, inasifika nayo. Gramu mbili tu zilikula akiba yangu yote ya mwezi. Nikafungua kichupa kwa mikono inayotetemeka. Mkojo wa paka! Si kidogo, si kwa mbali. Chumba kizima. Nilimwandikia muuzaji barua ndefu ya malalamiko siku hiyohiyo, nikiamini ameniuzia kitu kilichoharibika.

Hakikuwa kimeharibika. Machipukizi hayo yana kiambata chenye salfa ambacho kikiwa kingi pua inakisoma kama paka, na kikiwa kidogo mno kinasomeka kama tunda. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningekililia mtu anifundishe siku ya kwanza. Nilipima gramu 1 ya absoluti kwenye gramu 9 za alkoholi, nikapata asilimia 10. Nikachukua gramu 1 ya hiyo kwenye gramu 9 nyingine, nikapata asilimia 1. Nikarudia tena, nikapata 0.1. Nikachovya karatasi tatu za kunusia, nikazisimamisha kila moja kwenye glasi yake, nikatoka nje kusafisha pua. Niliporudi, ya kwanza ilikuwa bado paka. Ya pili ilikuwa majani yaliyopondwa, yenye uchachu. Ya tatu ilikuwa tunda! Tunda jeusi lililoiva, na ngozi yake nyembamba inayopasuka mdomoni. Nilikaa sakafuni nikainusa mpaka ikaisha.

Absoluti ikigoma kutoka, weka kichupa kwenye maji ya vuguvugu, usikiweke motoni. Na sahau kuhesabu matone, maana uji ule haudondoki sawasawa. Nunua mizani inayosoma gramu 0.01. Mchanganyiko wangu uliingia ukungu wa nta, nikauweka kwenye friji usiku mmoja na kuupitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Ukatakata.

Blakikaranti peke yake haikutosha, ilikuwa kali upande mmoja. Niliongeza waridi kidogo, na davana, mmea wa kusini mwa India ambao mafuta yake yana utamu wa matunda yaliyoiva sana. Uchachu ulitoka kwa bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, na tafadhali chukua ile iliyoondolewa bergapteni, kwa sababu ya kawaida nayo inaunguza juani kama mtini. Kisha absoluti ya jani la violeti, iliyopunguzwa hadi asilimia 1. Jaribio la nne nililiua kwa jani hilo hilo: niliweka mara mbili ya kipimo, na kesho yake nikawa na chupa nzima ya tango. Sasa naweka chembe tu, na hiyo chembe ndiyo inayoleta ule ubichi wa kikonyo.

Halafu subira. Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa kinagombana, nikakaribia kumwaga. Wiki ya tano nilimpa dada yangu mkono anuse, bila kumwambia kitu. Alinusa, akanusa tena, akaniuliza nimevunja tawi la mti gani.

Sasa kichupa kingine kimefika, absoluti ya jani la tumbaku, iliyotolewa nikotini (uliza hilo kabla hujalipa). Kwa asilimia 10 inanukia tini zilizokaushwa, asali na majani makavu. Harufu ya tini niliyoifuata mwanzo huenda nikaipata hapo, na safari hii bila kuungua.