Duka la pombe kwenye mtaa wa makazi: kinachoamuliwa na sheria ya ardhi

Nikitaka kujua maduka ya pombe yaliyomo mtaani, mimi huanza na orodha ya leseni, halafu naenda kuyatembelea kwa miguu. Orodha peke yake hudanganya. Mfano ni Baltimore, Marekani: leseni ya daraja A ni ya duka la chupa za kuondoka nazo, na ile iitwayo BD-7 ni ya baa, ila nayo inaruhusu kuuza chupa za kuondoka nazo. Ukihesabu kwa jina la leseni utaziacha baa zenye stuli mbili zilizojaa vumbi, ambazo biashara yao yote inapita kwenye kidirisha kidogo cha kioo kizito.

Ndiyo maana sheria mpya ya matumizi ya ardhi ya jiji hilo, iliyopitishwa 2016 na kuanza kutumika Juni 2017, ilidai baa ipate angalau nusu ya mauzo yake kwa vinywaji vinavyonyweka palepale. Kipimo kizuri, lakini mkaguzi hana cha kuhesabu iwapo mashine ya risiti haitenganishi glasi na chupa. Sharti la risiti kutenganisha glasi na chupa liandikwe ndani ya sheria yenyewe, lisiachwe kwa kanuni zitakazofuata.

Umbali nao una mitego yake. Baltimore iliweka futi 300, yaani kama mita 91, kati ya duka jipya na lililopo. Lakini unapima toka wapi hadi wapi? Maduka mawili yanayopeana visogo, kila moja likitazama barabara yake, yanaweza kuwa mita 250 kwa anayetembea kutoka mlango hadi mlango, huku mipaka ya viwanja imegusana. Tena mlango huhamishwa kwa fundi wa siku mbili. Napendekeza mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja, kwa mstari ulionyooka.

Hata hivyo umbali hauyagusi maduka ya zamani, na tatizo la afya limo humo: msongamano wa maduka huambatana na ulevi wa kupindukia na vurugu. Hapo kuna njia mbili. Baltimore iliyapa maduka yaliyomo katika maeneo ya makazi, ambako hayakuruhusiwa tena, miaka miwili ya kuhama, kubadili biashara au kufunga. Muda huo si hisani. Ndio kinga ya jiji mahakamani mwenye duka akidai mali yake imetwaliwa bila fidia. Jiji la Oakland, California, lilichagua njia nyingine mwaka 1993: duka la zamani linaendelea, mradi litimize masharti ya utulivu, na likikaidi linapoteza haki ya kuwa pale. Kwa kuwa huko California leseni ya pombe hutolewa na jimbo, si jiji, Oakland haikugusa pombe yenyewe, ilishika kero na ardhi, na mahakama iliikubali sheria hiyo. Mimi naiona njia ya Oakland kuwa rahisi kuipitisha, ila inakula wakaguzi: bila ada ya kila mwaka ya kuwalipa, inabaki karatasi.

Kwenye kikao cha baraza la jiji acha mahubiri kuhusu ulevi. Peleka ramani moja: maduka, shule, na matukio ya kupigana yaliyoitiwa polisi, kwa mtaa na kwa saa. Wenye maduka watakuja pia, na wana hoja. Wengi Baltimore na Los Angeles walikuwa familia za Kikorea zilizotia akiba yote humo. Los Angeles, baada ya machafuko ya 1992 yaliyoteketeza maduka ya pombe takriban 200 kusini mwa jiji, kampeni ya kuzuia yasijengwe tena iliyoongozwa na mwanaharakati wa jamii Karen Bass ilienda sambamba na kutafuta biashara mbadala, zikiwemo dobi za mashine. Dobi inakunywa maji mengi, kwa hiyo gharama ya kuunganisha maji taka ijadiliwe mapema.

Mwisho, kifungu cha kulala, yaani cha duka lililofungwa muda mrefu. Sheria ikisema duka lililofungwa mwaka mzima mfululizo linapoteza haki, mtu atafungua siku moja, atauza chupa tatu, ataweka risiti, na hesabu itaanza upya. Andika "biashara ya kawaida", kisha taja idadi ya siku kwa wiki.