Siku moja maishani mwangu: mratibu wa maharusi, Dar es Salaam

Saa 10 alfajiri nilikuwa nimeshaoga, nakagua mkoba. Sindano, uzi mweupe, pini, riboni ya satini, chaki nyeupe ya kufunika doa kwenye gauni, mirija, biskuti, dawa ya kichwa, kandambili. Watu wakisikia naratibu harusi hudhani kazi yangu ni kula pilau na kushika mkia wa gauni. Kazi yangu ni watu wawili. Kamati inakaa vikao miezi mitatu ikihesabu soda za wageni 300, na hakuna anayeuliza bwana na bibi harusi watakula nini, saa ngapi.

Saa 12 bodaboda ikanishusha Tabata, nyumbani kwa bibi harusi. Nikamsihi ale chapati na chai kabla mpambaji hajamgusa uso, maana akishapakwa hali tena hadi usiku. Maharusi wanaoishiwa nguvu madhabahuni nimewaona, na mara nyingi ni njaa na gauni lililobana.

Saa 3 nikampigia mpambe wa bwana harusi. Pete ziko wapi? Sitaki kusikia "zipo", nataka uniambie uko nazo mfukoni. Mashahidi je? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wasiopungua wawili, na shahidi aliye kwenye foleni hasaidii kitu. Nywele, kucha, picha.

Saa 6 na robo zipu ikaachia.

Gauni la kukodi, alilipima wiki tatu nyuma. Meno yalifunguka kuanzia kiunoni, kichwa cha zipu kikabaki mkononi mwa mama yake mdogo. Misa ni saa 8 kamili, na paroko alishatuambia saa 10 kuna ndoa nyingine. Mama mkubwa akasema tubane na pini twende. Pini kumi na mbili kwenye mgongo wa mtu atakayekumbatiwa na watu mia! Shangazi akataka aitwe fundi wa mtaani, fundi hajafungua. Simu ya baba ikawa inaita kila baada ya dakika tatu: mmefika wapi? Umeme ukakatika, feni ikasimama. Bibi harusi akaanza kulia, wanja ukashuka mashavuni.

"Mama zangu, naomba mtupishe, abaki matroni peke yake." Mama mkubwa akaniuliza mbele ya wote nimelipwa kwa kazi gani basi. Iliniuma. Sikumjibu, nilikuwa na uzi mdomoni. Tukamvua gauni, nikamfunga khanga, nikamkalisha karibu na dirisha. Nikakata riboni vipande vya urefu wa kidole, nikavikunja vitanzi, nikavishona pembeni mwa zipu, tisa huku na tisa huku. Sindano inateleza kwa jasho, nafuta mkono kwenye sketi, naendelea. Hakuna kushona haraka hapo, kitanzi kimoja kikichomoka vyote vinafuata. Nikashonea kipande cha satini kwa ndani kuziba mgongo, akavaa tena, nikapitisha riboni ndefu kama kamba ya kiatu kutoka chini kwenda juu.

"Vuta pumzi, dada. Ishikilie." Nikakaza akiwa amejaa pumzi. Mama mdogo akasema bado halijabana vizuri. Nikamwambia, mama, kanisani atasimama saa nzima, muache apumue.

Saa 7 na dakika 20 tukatoka. Sinza tulifika zimebaki dakika tano. Nikamkimbilia bwana harusi, nikamwambia ainue miguu: stika ya bei bado ipo kwenye soli ya kiatu kipya. Nikaibandua kwa kucha. Atakapopiga magoti kanisa zima litaziona soli hizo.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Matarumbeta, foleni ya Morocco, picha ufukweni Coco, mchanga kwenye mkia wa gauni, maji kwa mrija ndani ya gari, kumpeleka chooni nimelikumbatia gauni lote kifuani. Kadi ilisema ukumbini saa 12 jioni. Saa 3 usiku ndipo tulikuwa mlangoni, na kabla hawajaingia niliwafungia kwenye chumba cha kubadilishia na hotipoti ya wali na kuku. Bwana harusi alikula amesimama, mkono unamtetemeka.

"Dada, sijala tangu jana mchana."

MC akabisha hodi mara tatu. Nikamjibu bado. Dakika kumi hizo ndizo pekee walizokaa wawili siku nzima, na niliulinda ule mlango kwa mgongo wangu.

Usiku wa manane vitanzi vyote kumi na vinane vilikuwa vimeshika. Bibi harusi alipanda gari na kandambili zangu miguuni, viatu amevishika mkononi. Jumatatu nitapita Kariakoo kununua nyingine, na riboni mita tano.