Mashati 12 na kiingilio cha Sh 5,000

Mteja akiingia kibandani kwangu Mbagala na kitenge mkononi, huuliza bei. Nikishamtajia, wengi hunijibu hivi: "Kushona tu?" Nina miaka 14 kwenye cherehani na hilo "tu" bado linaniuma. Mteja haoni kupima, kukata, kufumua na kurudia. Haoni umeme uliokatika saa nne usiku na nguo inatakiwa asubuhi. Nayasema haya mapema kwa sababu kwa muda mrefu na mimi nilikuwa na "tu" yangu. Nikiona tangazo la bendi limebandikwa kwenye nguzo, kiingilio Sh 5,000, nilikuwa nasema moyoni: elfu tano, kusikiliza nyimbo tu? Nyimbo si zimo kwenye simu?

Muziki wenyewe naupenda tangu utoto. Baba yangu alikuwa mtu wa Sikinde, yaani bendi ya dansi ya Mlimani Park. Dar es Salaam ya miaka ile iligawanyika kati ya Sikinde na Msondo kama ilivyogawanyika kati ya Simba na Yanga, na baba aliutaja mwaka 1978, Mlimani Park ilipoanza, kama mtu anavyotaja mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Muhidin Gurumo aliimba pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na hilo peke yake lilitosha kuzua mabishano ya Jumapili nzima kati ya baba na jirani yetu. Lakini sisi watoto Sikinde tuliipata redioni. Tarumbeta nilizijua kwa sauti. Kwa macho sikuwahi kuona hata moja ikipulizwa mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto.

Onyesho langu la kwanza la kulipia lilikuwa la msanii mkubwa wa bongo fleva, kwenye uwanja wa wazi. Kiingilio cha kawaida kilikuwa Sh 10,000. Mimi nikasema leo nijitendee haki, nikanunua VIP kwa Sh 50,000, ambayo kwa wakati ule ilikuwa ufundi wa magauni mawili yenye bitana. Tangazo lilisema saa mbili usiku. Tulikaa nyuma ya kamba kwenye viti vya plastiki, DJ akapiga weee, hadi saa nane na nusu ndipo msanii akapanda jukwaani. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona mdomo wake. Alipoishusha maiki hadi kifuani ili awapungie watu, sauti yake iliendelea kuimba kwenye spika. Aliimba juu ya CD nyimbo nne, akashuka. Nilirudi nyumbani kwa bajaji ya Sh 15,000, na njia nzima nilikuwa nahesabu magauni.

Baada ya hapo nilikaa miaka miwili bila kukanyaga onyesho lolote. Nilijiambia muziki wa laivu ni wa watu wenye fedha za kuchezea.

Kilichonirudisha ni kazi. Dada mmoja, mnenguaji wa bendi ya dansi, aliniletea satini ya bluu nishone sare: mashati 12. Tulikubaliana bei, akaniomba alipe mara mbili, nusu sasa na nusu baada ya wiki tatu. Nikamuuliza kwa uchungu wa kweli, "Dada, ninyi mnapiga kila wiki na ukumbi unajaa. Fedha inakwenda wapi?" Hakukasirika. Aliichukua chaki yangu ya kukatia akaanza kuandika palepale kwenye meza. Watu 120, kila mmoja Sh 5,000, ni Sh 600,000. Ukumbi unachukua fungu lake. Vyombo si vyote vyao, vingine vya kukodi. Gari la kubebea vyombo. Nyuzi za gitaa, ngozi ya tumba. Fundi mitambo. Kinachobaki kinagawanywa kwa watu 14, na mvua ikinyesha jioni, hao watu 120 wanakuwa 40. "Siku mbaya narudi na elfu saba," akasema, "na siku mbaya zaidi nadaiwa nauli."

Ile hesabu niliiacha mezani siku mbili sikuifuta. Ilikuwa hesabu yangu mimi. Bei inayoonekana na mteja, halafu uzi, kodi ya kibanda, umeme, msaidizi, na mwisho wa siku unachobaki nacho ni kile ambacho mteja anakiita "kushona tu".

Aliponialika Jumapili kwenye bonanza lao alisema nitaingia bure kama fundi wa bendi. Nilikataa. Nililipa Sh 5,000 getini kama wengine, nikakaa meza ya pili kutoka jukwaani na soda yangu.

Nilichokiona jioni ile sijawahi kukiona kwenye simu. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Mwanzo waimbaji wanakupa kisa taratibu, halafu ala zinashika kasi na watu wanainuka kucheza. Redioni nilikuwa najua tu kwamba hapo wimbo unachangamka. Ukumbini niliona namna unavyochangamka: mpiga solo alimtazama mpiga besi, wakapeana ishara kwa nyusi, mtu wa tumba akainama mbele, wote wakaingia kwa pigo moja. Wapulizaji watatu waliokuwa wamekaa wakasimama. Hewa ya tarumbeta ile nilisikia inanigonga hapa, chini ya koo. Mzee aliyekuwa peke yake meza ya pembeni, kofia kichwani, aliinuka akacheza na kiti chake kitupu, macho kafumba. Nilimkumbuka baba yangu, na nilisikitika kwamba sikuwahi kumleta mahali kama hapa akiwa hai.

Halafu nikaona kosa langu. Mpulizaji wa katikati alipoinua tarumbeta juu, mshono wa kwapa la kulia ukafumuka, shati likafunguka hadi mbavuni. Hakusita. Alipuliza sehemu yake hadi mwisho, mkono juu, mwili ukionekana, na watu wakamshangilia wala hawakujali shati. Mimi nilijali. Nilikuwa nimemkatia shati la mtu anayekaa ofisini, mikono ikiwa mezani, wakati kazi yake ni ya kunyanyua mikono usiku kucha. Jumatatu asubuhi nilimwagiza yule dada aniletee mashati matatu ya wapulizaji, nikayaongezea kipande cha pembetatu chini ya kwapa, bila malipo. Siku hizi nikipata oda ya bendi nauliza kwanza: huyu anapiga nini?

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wangu. Siendi onyesho lolote kabla ya kuuliza kama ni laivu, na ninauliza kwa mtu aliyewahi kwenda, kwa kuwa bango huwa halisemi. Naangalia saa kabla ya kuangalia bei, maana kwangu mimi gharama kubwa ni kurudi nyumbani. Bonanza la Jumapili linaanza alasiri, na nikitoka saa tatu daladala za Mbagala bado zipo. Onyesho la saa nane usiku, hata kiingilio kiwe kinywaji chako tu, linanigharimu bajaji na linanigharimu Jumatatu nzima, kwa kuwa mtu mwenye usingizi hakati kitambaa cha mtu. VIP sinunui tena. Ile tofauti ya bei naiweka kibubu.

Kibubu hicho ndicho kilichonipeleka Unguja. Kila nguo niliyomkabidhi mteja nilitumbukiza Sh 500, iwe gauni la harusi au suruali ya kupunguza urefu. Nilikuwa nasikia habari za Sauti za Busara tangu lilipoanza mwaka 2004. Ni tamasha la kila Februari pale Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, na sharti lake ndilo lililonivuta: kila anayepanda jukwaani apige laivu. Wengi huku bara wanadhani ni la wazungu. Kweli mgeni anatozwa bei ya kigeni, lakini Mtanzania ana bei yake, nafuu sana. Nilipokivunja kibubu nilikuta Sh 187,000. Zaidi ya theluthi yake iliishia kwenye boti, kwenda na kurudi. Tiketi ya siku moja haikufika hata nusu ya nauli hiyo. Malazi yalikuwa kwa shangazi yangu Kwahani, vinginevyo nisingeweza, na sitaki kumdanganya mtu: asiye na ndugu Unguja hesabu yake itakuwa nyingine kabisa.

Shangazi alinipokea vizuri, akanipa urojo, nilipokula nikashiba ndipo akanisema.

"Sasa wewe mwanangu, umetoka Dar-es-Salaam, umepanda boti, pesa yote hiyo, kuja kusikiza ngoma?"

"Ndiyo shangazi. Na taarab itakuwepo."

"Taarab ya kununua tiketi?" Alishangaa kweli. "Miye tangu nizaliwe sijalipa mlangoni. Taarab mtu hualikwa harusini, akavaa, akenda na pesa yake ya kumtunza mwimbaji. Bi Kidude nimemwona unyagoni, hapana aliyenidai kiingilio."

Nilifikiria jibu usiku kucha. Asubuhi nikamwambia kwamba yeye amelipa maisha yake yote, tena kuliko mimi. Mimi nampa pesa mtu wa getini nisiyemjua. Yeye anainuka mbele za watu anamkabidhi mwimbaji mkononi, kwa ubeti uliomgusa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ninunulie hiyo tiketi, nikaone."

Fedha ya tiketi yake ilitoka kwenye akiba yangu ya kununulia zawadi za nyumbani. Watoto walikosa halua mwaka ule.

Jioni ile tuliingia Ngome Kongwe kukiwa bado kuna mwanga. Vikundi viwili vya mwanzo shangazi alivitazama kwa adabu tu. Kikapanda kikundi cha taarab asilia. Yeye ni mtu wa Culture, kile kikundi cha Vuga cha mwaka 1958, na jirani zake ni watu wa kikundi cha Malindi ya hapo hapo Unguja, yaani Nadi Ikhwan Safaa, kilichopo tangu 1905. Akaanza kunieleza nani alifundishwa wapi kwa kutazama mkono unavyoishika fidla. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mpiga ganuni. Mzee wa watu, ganuni kailaza mapajani, pete mbili kwenye vidole vya shahada, na kila pete imebana kijiti chembamba cha kukwaruzia nyuzi. Kati ya ubeti na ubeti mkono wa kushoto ulikuwa unaruka kwenda pembeni, unainua kivipande kidogo cha chuma chini ya nyuzi, unarudi, na sauti haikatiki. Nimezoea kazi ya vidole. Najua miaka inayotakiwa ili mkono ufanye hivyo bila jicho kutazama.

Ubeti wa tatu shangazi akainuka. Hakuniambia kitu. Alijitanda vizuri mtandio wake, akatoa noti ya Sh 2,000 iliyokunjwa ndani ya leso, akaanza kwenda mbele polepole, bega hili, bega lile, kama vile nafasi ile yote ilikuwa ya harusi ya mwanawe. Watu walimpisha. Jukwaa liko juu, mwimbaji akapiga goti moja akainama kuipokea, wakashikana mikono na wimbo unaendelea. Mwanamke wa pili akainuka, kisha wa tatu. Msichana mgeni aliyekaa karibu nami aliniuliza kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Wanalipa tena?" Nikamwambia ndiyo, wanalipa tena.

Shangazi aliporudi alikuwa anapumua kwa nguvu na macho yamejaa. "Kaniimbia mambo yangu," akasema, na hakutaka kueleza zaidi.

Usiku tukirudi Kwahani nilimsimulia kwamba mwaka 2016 tamasha hili halikufanyika kabisa, kwa kukosa fedha, kwa sababu viingilio peke yake haviwezi kulibeba bila wafadhili. Alisimama njiani. "Walikaa kimya mwaka mzima?" Nilimwona anahesabu kitu kichwani, kama yule dada na chaki yangu.

Sasa hivi kibubu kipya kipo kwenye rafu, nyuma ya makasha ya vifungo, na nimepandisha mchango kuwa Sh 700 kwa nguo. Juzi shangazi alinipigia simu. Baada ya salamu na habari za watoto aliuliza kama bei za Februari zimetoka. Nikamwambia bado. Akasema yeye tiketi yake amekwisha kuiwekea, ila anataka nimshonee kitu cha kuvaa, tena niikate mikono yake iwe mipana, maana akienda kutunza anainua mkono.

Nimekwisha kukata. Kwapani nimetia ile pembetatu.