Swali la 31

"Mama akienda shamba, nani anabaki na mtoto?" Hilo lilikuwa swali la 31 kwenye dodoso letu, na mimi ndiye niliyelifuta. Sikulifuta kwa kalamu. Niliiachia kompyuta ilifute, nikaamini ilichofanya, nikapeleka ripoti. Tangu hapo, kila nikimwona kijana anayeanza kazi za takwimu akibonyeza pale pale nilipobonyeza mimi, moyo unanienda mbio. Leo nimeamua kulieleza lote.

Ninaishi Njombe, nachambua data za lishe. Anayeujua mkoa huu anajua kitendawili chake: mahindi yapo, viazi vipo, maharage, parachichi, maziwa, na bado watoto wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kwa Tanzania nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huku kwetu Iringa, Njombe na Rukwa hesabu inafika nusu hivi, kwingine inapita. Na udumavu hauonekani kwa macho. Mtoto anacheza, ana mashavu, anacheka. Ukishamlaza kwenye ubao wa kupimia, ukalinganisha urefu na umri wake kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani, unakuta yuko chini ya hasi 2, yaani zaidi ya michepuko sanifu miwili chini ya wastani wa watoto wa umri wake. Hapo ndipo mama anakutazama usoni, na wewe hujui uanzie wapi.

Mwaka 2019 mradi niliokuwa nao ulikuwa na kata nyingi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wachache. Tulitaka kujua kaya zipi zitembelewe kwanza. Tulikuwa na watoto 187, kati yao 84 wamedumaa, na vigeu 46. Kigeu ni jambo lolote unalolipima ambalo halifanani kaya hadi kaya: umri wa mama, sakafu ya udongo au saruji, umbali wa kisima, idadi ya milo ya mtoto kwa siku, redio ipo au haipo. Mhudumu anayepanda mlima kwa miguu asubuhi ya ukungu huwezi kumbebesha maswali 46. Lazima uchague machache, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilitumia njia tuliyofundishwa wengi, ya kuondoa hatua kwa hatua. Unaingiza vigeu vyote kwenye rigresheni ya lojistiki, yaani modeli inayokadiria uwezekano wa mtoto kudumaa, unatazama thamani ya p ya kila kimoja (nafasi ya kuona uhusiano mkubwa kiasi hicho kwa bahati tu, kama kigeu hakina kazi), unamtoa mwenye p kubwa kuliko wote, unapiga hesabu upya, unamtoa anayefuata. Unaendelea hivyo mpaka wote waliobaki wawe chini ya 0.05. Kompyuta inaimaliza kazi hiyo kabla hujanyanyua kikombe cha chai. Kwangu vilibaki vigeu saba. Redio ilibaki. Swali la 31 lilitoka mapema. Kwa watoto wale wale 187, modeli ilipatia wanane katika kila kumi, na kwenye kikao watu walifurahi, nami nikafurahi.

Mwaka uliofuata tuliipeleka kata nyingine. Haikufika mbali na kurusha sarafu.

Siku moja ya mwezi wa tatu niliandamana na mhudumu kwenda kwa mama mmoja, nimwite Mama Upendo. Modeli ilikuwa imemweka chini kabisa kwenye orodha: ana redio, sakafu ya saruji, kisima kiko karibu, amesoma hadi darasa la saba. Kwa mwaka mzima hakuna aliyebisha hodi kwake. Tulipofika tukasalimu kwa salamu ya huku, "Kamwene," mlango ukafunguliwa na binti wa miaka minane hivi, mdogo wake mgongoni, khanga imefungwa mara mbili kwa sababu mbebaji mwenyewe ni mdogo. Jikoni kulikuwa na sufuria ya uji uliopoa na kufanya utando juu. Mama alirudi saa kumi na moja jioni, akatukuta tumekaa kwenye mkeka.

"Dada, naondoka alfajiri kwenda kuchuma chai," aliniambia huku akinawa mikono. "Huyu anabaki na dada yake. Anakunywa uji wa asubuhi, basi, mpaka nirudi."

Tulimlaza mtoto kwenye ubao. Alikuwa chini ya hasi 3.

Usiku ule nilifungua faili langu la zamani nikatafuta swali la 31 lilitoka hatua ya ngapi. Hatua ya tisa. Lilitoka kwa sababu lilikuwa pacha wa kigeu kingine, idadi ya milo kwa siku. Mtoto anayebaki na dada wa miaka minane ndiye huyo huyo anayekula mara mbili. Vigeu viwili vikibeba habari moja, kila kimoja kinaonekana hakina kazi mradi mwenzake yumo ndani, na anayetolewa kwanza anaweza kuwa yeyote. Milo nayo ilitolewa baadaye, mwenzake akiwa ameshaondoka, kwa tofauti ndogo mno ya p. Redio ikabaki. Nilisoma "imeondolewa" kama "haina maana". Ni maneno mawili tofauti kabisa, na tofauti yake nimeiona imelala kwenye ubao wa kupimia.

Upande wa pili wa kosa hilo ni vile vilivyobaki. Fikiria vigeu 40 visivyo na uhusiano wowote na udumavu, ukavipima kimoja kimoja kwa kizingiti cha 0.05. Nafasi ya kwamba angalau kimoja kitapita kwa bahati tu, kama havitegemeani, ni 1 toa 0.95 kwa kipeo cha 40, yaani 87 kwa mia. Mwaka 1983 mtakwimu David Freedman alionyesha jambo hili kwa namna iliyoninyamazisha. Alitengeneza data za bahati tupu: safu 50 za namba zisizo na maana, mistari 100. Mzunguko wa kwanza kigeu kimoja tu kilipita kizingiti cha 0.05. Akabakiza vile 15 vilivyokuwa chini ya 0.25, akapiga rigresheni upya kwa data zile zile. Sasa sita kati ya 15 vilikuwa chini ya 0.05, na modeli nzima ikaonekana madhubuti. Hakuna kilichobadilika kwenye data. Kilichofanyika ni kuchagua tu. Thamani ya p ya mwisho imeandikwa kana kwamba hukuchagua, wakati umechagua.

Jaribu mwenyewe kwenye R, programu ya takwimu, ni mistari kama kumi. Mimi nililirudia jaribio hilo usiku mzima, kila mara namba mpya, na kila mara vilitokea vigeu "muhimu". Redio yangu nayo, nilipoitafuta kwenye data za kata mpya, haikuwa na neno lolote la kusema.

Kuna kanuni ya zamani ya kazi hii: uwe na angalau matukio 10, kwangu watoto 10 waliodumaa, kwa kila kigeu. Nilikuwa na watoto 84 waliodumaa, nikajiambia vigeu saba si vingi, nimo ndani ya kanuni. Lakini vinavyohesabiwa ni vyote ulivyovitazama, si vilivyobaki mezani. Mimi nilitazama 46. Nilikuwa na matukio yasiyofika mawili kwa kila kigeu, ndiyo maana modeli yangu ilikuwa imekariri watoto 187 kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Baada ya hapo nilihamia laso, njia aliyoieleza Robert Tibshirani mwaka 1996. Badala ya kumfukuza mtu mmoja mmoja, unaipa modeli bajeti: jumla ya uzito wa vigeu vyote, bila kujali alama ya kutoa au kujumlisha, isizidi kiasi fulani. Kila kigeu kinalipia uzito wake. Kisicholeta faida ya kutosha kinashuka mpaka sifuri na kutoka chenyewe. Ukubwa wa bajeti unaupata kwa kuficha sehemu ya data, kujifunza kwa iliyobaki, kisha kupima kwa iliyofichwa, kwa zamu. (Vigeu vyote viweke kwanza kwenye kipimo kimoja, la sivyo umbali wa mita utaadhibiwa tofauti na umbali wa kilomita, na hilo limewahi kunila siku mbili.) Laso ilinisaidia sana kwenye kukariri. Kwenye mapacha haikunisaidia: nayo mara nyingi huchukua mmoja na kumwacha mwenzake.

Nikaenda kwenye miti ya maamuzi, modeli inayouliza swali moja, inagawa watu makundi mawili, kisha inauliza kila kundi swali jingine. Nakiri mapenzi yangu kwa miti. Kitabu cha Breiman, Friedman, Olshen na Stone cha mwaka 1984 kinaanza na wagonjwa 215 wa mshtuko wa moyo huko San Diego. Walipimwa mambo 19 katika saa 24 za kwanza, na mti ukatumia matatu tu kutenganisha walio hatarini kufa ndani ya siku 30: shinikizo la chini kabisa la damu lilipita 91 au la, umri umepita miaka 62 na nusu au la, moyo unakwenda mbio isivyo kawaida au la. Maswali matatu! Muuguzi anayabandika ukutani. Nilitaka kitu hicho hicho kwa wahudumu wetu.

Mti wangu wa kwanza uliweka juu kabisa, kwenye shina, jina la kijiji. Nilimwonyesha afisa lishe, mzee aliyezunguka milima hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, sasa nikienda kijiji ambacho hakimo humu, niulize nini?"

Sikuwa na jibu, na kutafuta jibu ndiko kulikonifundisha jinsi mti unavyochagua. Mti unajaribu kila namna ya kugawa kila kigeu, halafu unachukua mgawo bora kuliko yote. Redio ipo au haipo ina mgawo mmoja tu. Umri wa mtoto kutoka miezi 6 hadi 59 una migawo 53. Kijiji, tukiwa na vijiji 12, kina namna 2,047 za kuvigawa katika makundi mawili. Redio imekata tiketi moja ya bahati nasibu, kijiji kimekata 2,047. Ndiyo maana kigeu chenye thamani nyingi kinapanda juu hata kikiwa hakijui lolote. Msitu wa nasibu, yaani miti mingi inayotabiri kwa pamoja, ukijengwa kwa miti ya namna hiyo unarithi upendeleo huo huo kwenye orodha yake ya umuhimu. Hothorn, Hornik na Zeileis walitoa mwaka 2006 aina ya mti inayotenganisha maswali mawili: kwanza ni kigeu kipi kina uhusiano na matokeo, kisha kikatwe wapi. Huo ndio ninaoutumia sasa.

Dawa nyingine niliyoipenda ni ya Kursa na Rudnicki, mwaka 2010. Wameiita Boruta, jina la pepo wa msituni katika simulizi za Waslavi. Kila kigeu kinatengenezewa kivuli chake: namba zile zile, zimechanganywa kama karata mpaka hazihusiani tena na mtoto yeyote. Kigeu cha kweli lazima kikishinde kivuli kilicho bora kuliko vyote, tena mara kwa mara. Nilipofanya hivyo kwa data za 2019, vigeu zaidi ya 30 vilianguka chini ya vivuli.

Na mapacha? Hapo nilijifunza kutochagua mara moja. Nachukua sampuli mpya kutoka kwa watoto wale wale kwa kurudisha na kuchukua tena, nafanya uchaguzi wote upya kuanzia mwanzo, mara 200, na nahesabu. Milo kwa siku ilichaguliwa mara 118. Swali la 31 mara 74. Vyote viwili kwa pamoja, mara tano tu. Ukisoma kimoja kimoja, vyote viwili vinaonekana vya mashaka. Ukivisoma pamoja, katika mara 200 angalau kimoja kilikuwemo mara 187. Habari ilikuwepo muda wote, imegawana viti.

Ripoti zangu sasa zina jedwali hilo la hesabu ukurasa wa kwanza, na kabla ya kompyuta tunaanza na karatasi ya kaki sakafuni. Wahudumu, afisa lishe na akina mama wawili watatu wanachora nini kinasababisha nini. Kilichochorwa hapo hakitolewi na p peke yake. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, yule mzee alichukua kalamu nene akaandika katikati, kabla ya kitu kingine chochote: mtoto anabaki na nani?

Mama Upendo anatembelewa kila wiki mbili. Binti yake mkubwa ameanza kubaki shule mchana, mdogo anashinda kwa bibi, na uji unapikwa mara mbili. Kipimo cha mwisho mtoto amepanda, ingawa bado yuko chini ya hasi 2.

Jumatatu tunaanza kupima Makete. Dodoso lina maswali 19. Safu za vivuli nimeshaziandaa.