Onyo kwa jamaa ya polisi, mashtaka kwa wengine

Jana karibu na Daraja la Nyali mjini Mombasa, dereva wetu wa matatu alishtakiwa kwa kutofunga mkanda, ilhali kijana aliyesimamishwa nyuma yetu kwa kosa lilo hilo, aliposema kwamba babake ni afande, aliachiliwa bila hata leseni yake kutazamwa. Sipingi askari kuwa na hiari ya kuonya badala ya kushtaki, kwa kuwa si kila kosa dogo linastahili kufikishwa mahakamani. Kinachoniuma ni hiari hiyo kugeuzwa urithi wa jamaa za polisi, huku Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ikisema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Nimeamua kuwasilisha malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi.