Siku moja na mikopo ya asilimia 10, kando ya ziwa

Saa 12 asubuhi. Simu inaita kabla sijanawa uso. Ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa. "Mwanangu, leo ofisini hatuji, tuna dagaa wa kugeuza. Njoo huku mwaloni." Mwaloni ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata moja ya Ilemela, Mwanza, na leo ni siku ya kufuatilia marejesho. Simu ikiita mapema hivi, kwa kawaida si habari njema.

Saa 2. Benchi la nje limejaa. Karibu wote wanaulizia "hela za serikali", nami naanza wimbo wangu wa kila siku: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba. Nikisema hauna riba, kuna anayesikia haurudishwi.

Leo wamekuja vijana wanaozibua mtaro kila Jumamosi kwa kujitolea. Wanaomba reki, buti na toroli. Andiko lao ni safi kuliko mengi niliyosoma, ila halina mahali hela inapoingia, na mkopo huu ni wa shughuli za kiuchumi. Nikawaambia wafikirie kuzoa taka za majumbani kwa ada, kisha walete andiko upya. Katibu wao akanitazama: "Kwa hiyo, afisa, tukisafisha bure hatukopesheki, tukitoza tunakopesheka?" Nikajifanya natafuta kalamu.

Saa 4. Kuhakiki kikundi kipya. Katiba ipo, muhtasari upo, akaunti ipo. Huwa sihangaiki sana na karatasi. Namvuta mwanachama mmojammoja pembeni namwuliza mnakutana siku gani. Nimepata Jumanne, Ijumaa, na "inategemea". Faili nimelirudisha. Wanaona nawabania, lakini mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima, na moja ya sababu ilikuwa vikundi hewa. Ilirudi 2024. Katikati hapo waliokuwa wanalipa vizuri walikaa wakisubiri pamoja na wezi.

Chakula cha mchana nimekipita.

Saa 8. Mwaloni. Jua kali, harufu imekolea. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, kaa kivulini." Mkopo wao uliingia kwenye mbao na nyavu za chanja, wakaachana na kuanika mchangani. Dagaa wa chanja hana mchanga, na bei yake si ile ya dagaa wa chini.

Tatizo ni tarehe. Marejesho ni kila mwisho wa mwezi, na mwezi uliopita tarehe hiyo iliangukia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu. Hakuna dagaa, hakuna cha kuanika, na tarehe imefika. Mweka hazina akafungua daftari kunionyesha: kila walipochelewa, wamelipa siku chache baada ya giza kurudi. Kila mara. Kwenye taarifa zangu nilikuwa nimeandika "ulipaji usioridhisha", na nimeandika hivyo mara tatu. Kalenda ya ofisini ina Januari hadi Desemba, yao ina giza na mbalamwezi, na mimi niliyezaliwa hukuhuku ziwani sikuwahi kuzilaza pamoja.

Wakati wa kuondoka akanifungia dagaa kwenye mfuko. Nikakataa, siwezi kula cha mtu ninayemdai. Akanuna. Tukamalizana kwa shilingi 2,000, na akaongeza kiganja juu, eti ni nyongeza ya mteja.

Saa 10 na nusu. Nimeandika maombi tarehe ya marejesho isogezwe. Mwenzangu wa meza ya pili amesoma akacheka: "Sasa tutakopesha kwa kuangalia mwezi?" Nimemwambia ndiyo. Barua imeingia kwenye trei na nyingine.

Saa 2 usiku. Nimekaanga dagaa na nyanya, ugali wa muhogo pembeni. Tonge la kwanza nimelitafuna polepole, nikisikilizia mchanga kwenye meno. Hakuna.