Jinsi hoteli ndogo za Bagamoyo zinavyovuka miaka mibaya

Kazi yangu ni kutunza hesabu za hoteli na nyumba kadhaa za wageni hapa Bagamoyo, na kila mambo yanapoharibika, wenye mali huniuliza swali lilelile: tupunguze nini? Ni swali la haki, ila huja wakati kila kilichoweza kupunguzwa kimeshapunguzwa. Nikirudi kwenye vitabu vya mwaka 2020, mwaka ambao wengi wetu tunaupimia miaka mingine yote, naona kuwa hoteli zilizobaki wazi zilikuwa na mambo mawili tangu kabla ya balaa: wageni wa aina zaidi ya moja, na madeni ambayo marejesho yake hayakutegemea mwezi mmoja mzuri.

Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kufikia katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesitishwa. Anga ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini kufungua anga ni jambo moja na mgeni kupanda ndege ni jingine. Watalii walioingia nchini, ambao mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, walishuka hadi 620,867 mwaka 2020. Kwa Bagamoyo pigo lilikuwa na ubaya wake wa pekee, kwa sababu miezi ya masika ndiyo miezi ya matengenezo. Mwenye hoteli hupokea malipo ya awali ya wageni wa Julai na Agosti, akayatumia kununua makuti na miti, akaezeka upya kabla msimu haujaanza. Barua za kufuta nafasi zilipomiminika, na tovuti zinazouza vyumba zikadai wageni warudishiwe fedha zao, fedha hizo zilikuwa tayari ziko juu ya paa. Hakukuwa na uzembe wowote hapo; ndivyo biashara hii ilivyozoea kuzunguka, na mzunguko huo ulikuwa haujawahi kukatika kwa namna ile.

Kilichotuokoa ni kwamba watu wa ndani hawakuzuiwa kusafiri. Shule zilifungwa, mikusanyiko ikapungua, lakini barabara ya Dar es Salaam ilibaki wazi, na mji huu uko kilomita zipatazo 70 tu kutoka huko. Kuanzia katikati ya mwaka, familia zilizochoka kukaa ndani zilianza kuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mama mmoja mwenye vyumba tisa karibu na ufukwe, ambaye kwa miaka mingi aliwapangia wageni wa ng'ambo wanaokuja kutazama Mji Mkongwe, magofu ya Kaole na misheni ya Wakatoliki, aliniambia huku akicheka, "Mwanangu, hawa wa Dar wanakula kuliko Wazungu, ila wanataka muziki na mahali pa kuegesha gari." Alipunguza meza za bustanini, akapata nafasi ya magari sita. Jikoni akaacha vyakula vya kizungu vilivyohitaji jibini na siagi ya kuagiza Dar, akashika samaki wa kupaka, wali wa nazi na pweza, vitu anavyovinunua asubuhi kwa wavuvi wanaomfahamu na ambao, inapobidi, humsubiri hadi jioni wapate chao.

Mgeni huyu wa ndani ana hesabu yake, na si wote waliomkimbilia walioielewa. Analala usiku mmoja, kwa hiyo shuka na taulo zinafuliwa kila siku badala ya kila baada ya siku tatu. Tena hupenda kulipia chumba kimoja na kuingia na watoto watatu. Tuseme chumba kinauzwa shilingi 60,000, na chai ya asubuhi, ufuaji, sabuni, maji na umeme vinakula 22,000. Ukishusha bei hadi 35,000 ili ujaze, kinachobaki ni 13,000, ambacho hakimlipi hata mlinzi wa usiku. Upande wa pili, analipa kwa simu siku hiyohiyo, na hakuna tovuti inayokata kamisheni ya asilimia 15 katikati. Hoteli zilizoacha bei ya chumba ilivyo na kuongeza kitu kidogo, kwa mfano chakula cha mchana cha watoto, zilifanya vizuri kuliko zile zilizoshindana kushusha.

Aina ya tatu ya mgeni ni wa semina na warsha. Huyu hujaza vyumba vyote kwa siku nne, anatumia ukumbi, anakunywa chai mara mbili, na mwenye hoteli anaona heri imemfikia. Kisha ankara inakwenda na LPO, yaani hati ya taasisi ya kuagiza huduma na kuahidi kulipa baadaye, inakaa miezi mitatu, mara nyingine sita. Nimeona hoteli iliyojaa ikishindwa kununua mchele kwa sababu fedha zake zote ziko kwenye mafaili ya watu wengine. Ushauri wangu umekuwa kwamba mgeni wa mkopo asizidi theluthi ya mauzo ya mwezi, na hapo napingwa sana, maana kukataa kundi la watu ishirini katika mwezi mkavu kunahitaji moyo mgumu.

Wako waliofunga kabisa mwaka ule, wakidhani kufunga ni kuokoa. Kando ya bahari, chumba kisicholaliwa huharibika upesi kuliko kinacholaliwa. Niliingia katika chumba kilichofungwa miezi mitano: vitasa vilikuwa vimeshika kutu hadi ufunguo ukagoma kuzunguka, godoro lina madoa ya kuvu upande wa chini, pazia linanuka unyevu, na kiyoyozi kikiwashwa kinatikisika bila kupooza chochote. Gharama za kukifufua zilizidi mshahara ambao mhudumu mmoja angelipwa kwa muda wote huo ili afungue madirisha asubuhi, apanguse bawaba kwa mafuta na kugeuza magodoro.

Hilo linanifikisha kwa wafanyakazi. Walioachisha watu wote Aprili walianza upya Desemba na mikono migeni, na mgeni aliyerudi hakukuta sura anayoijua. Wengine walikaa na watu wao chini ya mwembe wakakubaliana zamu za nusu mwezi, nusu ya mshahara na chakula cha mchana kwa wote, wakayaandika na kutia saini. Mpishi akawa anapika chakula cha kupeleka maofisini, mtunza bustani akajifunza mapokezi. Si mpango wa kupendeza, na nusu ya mshahara haisomeshi mtoto, lakini uliwaweka pamoja.

Kuhusu madeni, Mei 2020 Benki Kuu iliruhusu mabenki kurekebisha masharti ya mikopo ya wateja walioathirika. Waliokwenda benki mapema, kabla hawajakosa hata rejesho moja, walisikilizwa vizuri zaidi. Walioumia zaidi ni wenye deni la zamani la matarajio. Mkataba wa awali wa bandari kubwa iliyopangwa kujengwa hapa Bagamoyo ulitiwa saini mwaka 2013 na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Watu wakakopa, wakajenga vyumba vya wahandisi na wakandarasi, kisha mradi ukasimama. Ni mji ambao ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa hiyo kuachwa njiani si jambo geni hapa, lakini benki haipokei historia kama sababu.

Misukosuko iliyofuata ilikuwa ya namna nyingine. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua na mgao wa maji ukaanza Dar es Salaam na maeneo jirani. Mwishoni mwa 2023 ukaja mgao wa umeme. Wenye visima karibu na ufukwe waligundua kuwa maji ya chumvi yanaharibu pampu na hayatoi povu. Paa la makuti, ambalo ndilo fahari yetu, halivuni mvua: maji yake hutoka ya rangi ya chai na uchafu mwingi. Ndiyo maana sasa naona majiko, mabanda ya kufulia na stoo yakiezekwa bati na kuunganishwa na simtanki, huku vyumba vya wageni vikibaki na makuti yake.

Jipya zaidi ni kundi la simu la wenye hoteli ndogo, ambapo hupeana wageni wa ziada wakati wa tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, huazimana shuka, na huonyana kuhusu taasisi zinazochelewesha malipo. Hivi karibuni wamekubaliana kudai nusu ya fedha kabla ya semina kuanza. Wawili wameshavunja makubaliano hayo ili wapate kundi, na mjadala bado unaendelea.